Kongo ilirusha roketi, lakini nani alibaki na injini?

Tangu mwezi wa tano 2025, pale ARPTC, ofisi ya serikali inayosimamia simu na intaneti, ilipoipa Starlink leseni ya kufanya kazi Kongo, watu wameanza kuuliza sana juu ya satelaiti. Mwaka mmoja tu mbele yake, mwezi wa tatu 2024, ofisi hiyohiyo ilikuwa imeikataza. Kwa watu wa Shabunda jambo hili si la mchezo. Bukavu iko mbali zaidi ya kilomita 300 kwa barabara, na hiyo barabara munaijua. Mzigo unakuja na ndeke, habari inakuja na hewa. Sasa kama intaneti inatoka juu, mutu ana haki ya kuuliza nani aliipandisha kule, na kwa nguvu gani.

Swali linalofuata linakuja lenyewe: na sisi Kongo, juu ya nini hatuna roketi yetu?

Jibu linashangaza wengi. Roketi, ile radio za Kifaransa zinaita fusée, zimesharuka kutoka udongo wa Kongo, na si mara moja. Kampuni ya Wajerumani ilizirusha Shaba mwaka 1977 na 1978. Mkongomani mwenyewe alizirusha Menkao, upande wa Kinshasa, kuanzia 2007. Kwa hiyo kuruka si tatizo. Tatizo ni injini: nani anajua kuitengeneza, nani anaweza kuitengeneza tena ikiharibika, na ujuzi huo unalala nyumba gani usiku.

Kompresa, motopompe na baruti

Tuanze na injini yenyewe, juu bila kuielewa hadithi yote inabaki tu ya moshi na makelele.

Ndeke inayotua Shabunda inavuta hewa ya nje ili kuchoma mafuta yake. Roketi haiwezi, kwa sababu kule inakokwenda hewa inaisha. Lazima ibebe vyote viwili: mafuta, na oksijeni ya kuyachomea. Ndiyo maana roketi nyingi ziko na matangi mawili. Ile Falcon 9 inayopandisha satelaiti za Starlink inabeba petroli ya taa iliyosafishwa sana katika tangi moja, na katika lingine inabeba oksijeni iliyopozwa mpaka ikawa maji-maji, baridi ya kupita nyuzi 183 chini ya sifuri. Vinakutana ndani ya chumba cha chuma, vinawaka, na gesi inatoka nyuma kwa kasi ya kutisha. Ukiwa ndani ya mtumbwi kwenye Ulindi, ukitupa jiwe zito kwa nguvu upande wa nyuma, mtumbwi unasogea mbele kidogo. Roketi inafanya hivyo hivyo, ila inatupa moto mfululizo.

Na haitoshi kupanda. Ili satelaiti ibaki juu lazima izunguke dunia kwa mwendo wa karibu kilomita 28,000 kwa saa. Kwa mwendo huo, Shabunda mpaka Kinshasa ni dakika tatu hivi. Kitu kikipandishwa kilomita 100 bila mwendo huo kinarudi chini kama embe.

Kazi ngumu ya injini ni moja ambayo watu hawaifikirii: namna ya kuingiza mafuta katika chumba ambacho tayari kinawaka na kusukuma kwa nguvu. Ni kama kujaribu kumwaga maji ndani ya bomba linalokutemea maji usoni. Kuna njia tatu, na wachimbaji wa mto wetu wanazijua mbili bila kuambiwa.

Ya kwanza ni kompresa. Wale vijana wanaozama chini ya Ulindi kwa ajili ya dhahabu wanapumua hewa inayosukumwa na kompresa kupitia mpira. Roketi inaweza kufanya vile: unajaza hewa yenye nguvu ndani ya tangi, hewa inasukuma mafuta mpaka kwenye moto. Ni rahisi, haina vyuma vingi vya kuzunguka, haiharibiki ovyo. Lakini tangi lote lazima liwe nene ili lisipasuke, na tangi nene ni zito, na uzito katika roketi ni dhambi kubwa.

Ya pili ni motopompe. Tangi linabaki jepesi, na pampu ndogo lakini kali inavuta mafuta na kuyasukuma. Tunaposema kali tusidhani ni ile ya kutoa maji kwenye shimo la kasiteriti. Injini ya F-1, tano kati yake ziliinua roketi ya Wamarekani waliokwenda mwezini mwaka 1969, kila moja ilikuwa na pampu ya nguvu ya farasi karibu 55,000. Upande mmoja wa pampu ya aina hii unaweza kuwa na oksijeni ya baridi kali, upande mwingine gesi ya moto mkali, na katikati mhimili mmoja unazunguka maelfu ya mara kwa dakika. Hapa njo programu za mataifa zinapoachana. Wanaojua pampu wanaenda mbali, wasioijua wanabaki wateja.

Ya tatu ni kuacha mafuta ya maji-maji kabisa na kutumia mafuta magumu, jamaa ya baruti. Hakuna pampu, hakuna tangi la pili. Kila mwindaji mwenye gobori anaelewa kanuni yake, na anaelewa pia ubaya wake: ukishawasha, hausimamishi.

Wajerumani juu ya Luvua

Sasa twende kusini. Kama kilomita 600 kutoka Shabunda, kati ya Pweto na Manono, kuna tambarare ya juu inayoitwa Manitu, inayoangalia bonde la mto Luvua. Hapo ndipo kampuni ya OTRAG ilijenga uwanja wake.

OTRAG ilianzishwa Ujerumani Magharibi na mhandisi Lutz Kayser. Ilikuwa kampuni ya watu binafsi, wakati ambapo roketi zilikuwa kazi ya serikali kubwa peke yake. Ilikuwa na mtu mwenye jina kubwa pia: Kurt Debus, aliyekuwa mkuu wa Kituo cha Kennedy kule Florida wakati Wamarekani wanakwenda mwezini. Kampuni ilifanya mkataba na serikali ya Mobutu na kupewa kilomita za mraba 100,000 mpaka mwaka 2000. Tupime kwa kipimo chetu. Territoire ya Shabunda, ambayo ni kubwa kuliko zote za Kivu Kusini, ina kilomita za mraba elfu 25 na kitu. Waliopewa ni Shabunda nne. Ni zaidi ya Kivu Kusini nzima.

Kwa nini ardhi kubwa hivyo? Roketi inapanda ikiacha vipande vyake nyuma, na ikikosea njia inaanguka nzima. Nchi yenye bahari upande wa mashariki inaviachia baharini. Katikati ya bara unahitaji nchi isiyo na watu, au nchi ambayo watu wake wanaweza kuambiwa waondoke. Mkataba ulipojulikana nje, kipengele hicho cha watu ndicho kilichochoma wengi, na mimi naona walikuwa na haki kuchomwa.

Lakini injini ya Kayser, tuseme ukweli, ilikuwa na akili. Wakati wakubwa wote wanapigana na pampu, yeye aliamua kuiacha. Alichagua njia ya kompresa. Roketi yake ilikuwa mabomba membamba ya chuma, upana wa sentimita 27, yamefungwa pamoja kama fungu la kuni. Kila bomba lilikuwa na mafuta ya aina ya petroli ya taa na mazutu, asidi kali ya kuyachomea, hewa iliyobanwa ya kusukuma vyote, na injini ndogo chini yake. Kufungua na kufunga njia ya mafuta, alitumia mota ndogo za kupangusia vioo vya gari, zile za kawaida kutoka kiwandani. Roketi ikitaka kupinda, huhitaji kugeuza injini: unapunguza moto wa upande mmoja, inaelekea huko. Ukitaka kubeba mzigo mzito, hutengenezi injini mpya. Unaongeza mabomba, kumi, mia, hata mamia. Fundi yeyote wa Bukavu angeelewa mantiki hiyo: kitu kimoja rahisi, kinanunulika, unakirudia.

Jaribio la kwanza lilifanyika tarehe 17 mwezi wa tano 1977, roketi ya mabomba manne tu. La pili tarehe 20 mwezi wa tano 1978. Angalia tarehe hiyo vizuri: siku moja nyuma, wanajeshi wa Ufaransa walikuwa wameshuka kwa parashuti Kolwezi katika vita ya pili ya Shaba. Roketi ya kampuni binafsi inaruka katika mkoa ule ule unaowaka. Halafu tarehe 5 mwezi wa sita 1978 wakamwalika Mobutu mwenyewe aje kuona. Hiyo ya tatu ilipanda, ikageuka, ikaenda kuanguka bondeni mbele ya macho ya rais.

Watu wanapenda kusimulia hiyo ya tatu kama ndiyo iliyoua mradi. Hapana. Kuanguka ni kawaida ya roketi changa. Kilichoua ni siasa. Kwa macho ya Moscow, Ujerumani iliyokuwa imezuiwa mambo mengi ya silaha baada ya vita kuu ilikuwa inajaribu makombora mafichoni Afrika. Majirani nao hawakufurahia: Angola, Zambia, Tanzania, kila mmoja alijiuliza kombora hilo litaelekea wapi kesho. Bonn ilianza kusukumwa, Kinshasa ikasukumwa, na mwezi wa nne 1979 Mobutu akafunga. Kampuni ikafungasha na kwenda Libya, na huko pia haikufika mbali.

Sasa angalia kilichobaki. Injini zilibuniwa Ujerumani, zikapimwa kwenye meza za majaribio Ujerumani, zikaletwa Manitu kwa ndeke za mizigo. Zaire ilitoa mahali pa kurushia. Mkataba ulihesabu ardhi, miaka na malipo ya baadaye. Kampuni ilipoondoka, ardhi ikarudi, na uwanja wa ndeke juu ya tambarare. Ujuzi ulipanda ndeke pamoja na masanduku.

Malindi haikupata injini pia

Kabla hatujajilaumu peke yetu, tuangalie kwa ndugu zetu wa pwani. Kenya ilitangulia Kongo kwa miaka kumi. Mbele ya Malindi, Waitaliano walisimamisha jukwaa la chuma baharini, likaitwa San Marco, na kutoka hapo tarehe 26 mwezi wa nne 1967 satelaiti ya Italia ilipanda kuzunguka dunia. Mpaka 1988 zilipanda satelaiti tisa. Moja yao, ya Wamarekani, ilirushwa tarehe 12 mwezi wa kumi na mbili 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilikuwa satelaiti ya kwanza duniani kutumwa kwa kazi ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka kwenye nyota, na wanasayansi wanaitaja mpaka leo.

Malindi iko karibu nyuzi 3 kusini ya ikweta, na hapo dunia yenyewe inazunguka kwa karibu kilomita 1,670 kwa saa, kwa hiyo roketi inaanza na msukumo wa bure. (Shabunda iko nyuzi 2 na kitu. Tuko karibu na ikweta kuliko Kourou ya Wafaransa, ambayo iko nyuzi 5. Ila mashariki yetu hakuna bahari, kuna Bukavu.)

Lakini roketi ya Malindi ilikuwa Scout ya Marekani. Ngazi nne, zote mafuta magumu, zote zimeshajazwa Marekani kabla ya kupakiwa melini. Ilifika kama risasi inavyofika: tayari. Hata Waitaliano hawakupata injini kwa njia hiyo. Walipata uzoefu wa kurusha na wa satelaiti, na injini zao wakazitafuta baadaye Ulaya. Kenya ilipata kodi, kazi kadhaa na jina. Ilichukua mpaka 2016 kutiwa saini makubaliano mapya na Italia yenye kutilia mkazo mafunzo na sehemu ya Wakenya, na mpaka 2017 kuwa na shirika lake la anga. Satelaiti ya Taifa-1 ilipopanda tarehe 15 mwezi wa nne 2023, iliondoka California, juu ya Falcon 9. Wakenya walilipia nafasi kama abiria, huku jukwaa la San Marco likiwa bado limesimama mbele ya Malindi.

Wahindi waliomba nini

Twende sasa kwa waliofaulu, na tuchague wale waliokuwa masikini, si Wamarekani.

Kwanza kumbuka injini inatembea namna gani. Vita kuu ya pili ilipokwisha, roketi kubwa iliyokuwepo duniani ilikuwa moja, V-2 ya Hitler, iliyotengenezwa kwa damu ya wafungwa. Washindi waligombania vyuma, ndiyo, lakini waligombania zaidi watu. Wamarekani walimchukua Wernher von Braun na wenzake. Huyo Debus wa OTRAG alikuwa mmoja wao. Warusi wakachukua wao. Wafaransa nao wakapata wao na kuwaweka mji wa Vernon, na mmoja wao, Karl-Heinz Bringer, kazi yake ikazaa baadaye injini ya Viking. Wafaransa walirusha satelaiti yao ya kwanza mwaka 1965 kutoka Hammaguir, jangwani Algeria, nchi iliyokuwa imeshapata uhuru. Walipotakiwa kuondoka 1967 waliondoka na injini zao, wakaenda Kourou, Amerika ya Kusini. Hapo tena Afrika ilibaki na uwanja mtupu. Mwishoni mwa 1979, mwaka ule ule OTRAG ilipofungwa Shaba, Viking iliinua Ariane ya kwanza.

Wahindi walikuwa wanatazama. Walikuwa wameanza Thumba, kijiji cha wavuvi, mwezi wa kumi na moja 1963, na roketi ndogo ya Marekani. Ofisi yao ilikuwa kanisa, na vipande vya roketi vilisafirishwa kwa baiskeli. Picha za baiskeli hizo zinajulikana. Mtu wa Shabunda akiziona anajisikia nyumbani, maana na hapa kwetu baiskeli imebeba vitu ambavyo lori limeshindwa.

Mwaka 1974 walifanya mkataba na Wafaransa juu ya injini ya Viking, na hapa ningependa kila anayekwenda kusaini mkataba Kinshasa asome polepole. Hawakununua injini. Waliomba wahandisi wao waingie Vernon, wakae, wafanye kazi pamoja na Wafaransa katika utengenezaji wa ile injini. Malipo yao yalikuwa kazi yenyewe ya hao wahandisi, pamoja na vifaa vya kupima msukumo ambavyo India ingetengeneza kwake na kuwapatia Wafaransa. Ufaransa ilifikiri imepata vibarua wenye diploma. Wahindi walirudi na michoro, na zaidi ya michoro walirudi na mikono inayojua. Injini waliyoijenga kwao waliita Vikas, ikawashwa kwa mafanikio 1985. Ni injini ya motopompe, ile ngumu. Mpaka leo iko kazini, na ilikuwa ndani ya roketi iliyotuma chombo kikatua mwezini tarehe 23 mwezi wa nane 2023.

Tusidhani basi njia ilikuwa laini. Roketi yao ya kwanza ya satelaiti, mwezi wa nane 1979, ilianguka baharini. Walipotaka injini ya hidrojeni, ambayo mafuta yake yana baridi ya nyuzi 253 chini ya sifuri, walikubaliana na Warusi, lakini Marekani ikaweka mguu mlangoni, na mwaka 1993 Warusi wakasema: tutawauzia injini zilizokamilika, ujuzi hapana. Nambi Narayanan, aliyekuwa ameongoza kazi ya Vikas, akakamatwa 1994 kwa mashtaka ya kuuza siri, mashtaka yaliyoonekana baadaye kuwa ya uongo. Mahakama kuu iliamuru alipwe fidia, lakini ilikuwa tayari 2018. Injini yao wenyewe ya hidrojeni ilijaribiwa angani mwezi wa nne 2010, pampu ikasimama, roketi ikapotea. Ilifaulu tarehe 5 mwezi wa kwanza 2014. Miaka zaidi ya ishirini kwa ajili ya injini moja.

Faida yake? Iko hapa karibu na sisi. Kisiwa cha Nkombo, ndani ya ziwa Kivu upande wa Rwanda, mtu wa Bukavu anakiona. Mwaka 2019 wanafunzi wa Nkombo walipewa nafasi ya kuipa jina satelaiti moja ya kampuni OneWeb; waliita Icyerekezo. Ilipanda mwezi wa pili mwaka huo kutoka Kourou, juu ya Soyuz ya Warusi. Mwaka 2022 vita ya Ukraine ilipoanza, Warusi wakakataa kurusha satelaiti 36 za OneWeb zilizokuwa zimeshapandishwa kwenye roketi. Kampuni ikatafuta mlango mwingine. Nani alikuwa na injini? Marekani, na India. Mwezi wa kumi 2022 roketi ya India, na Vikas zake, ilipandisha 36, na mwezi wa tatu 2023 ikapandisha 36 nyingine. Kwa malipo, bila shaka.

Menkao

Turudi nyumbani. Jean-Patrice Keka, mhandisi Mkongomani, na kampuni yake ndogo DTA, hawakungoja mkataba. Kwenye tambarare ya Bateke, huko Menkao, walijenga uwanja wao na kuanza kurusha roketi walizoziita Troposphère. Mwaka 2007 ya pili ilifika kilomita moja na nusu. Mwaka 2008 ya nne, kwa vipimo walivyotangaza wenyewe, ilifika kilomita 15, juu kuliko ndeke za abiria. Tarehe 28 mwezi wa tatu 2009 ya tano ilibeba panya hai. Ilitakiwa kufika kilomita 36, lakini ilipotea njia mara tu ilipoondoka, ikaanguka.

Video yake imezunguka dunia nzima, na watu wamecheka. Wanacheka computer za zamani, wanacheka panya. Mimi sicheki. Ariane 5 ya Ulaya nzima, mwezi wa sita 1996, ililipuka chini ya dakika moja baada ya kuondoka, na ndani kulikuwa satelaiti za kisayansi za pesa nyingi sana. Menkao walitumia njia ya baruti, mafuta magumu, kwa sababu ndiyo njia ambayo mtu asiye na pampu anaweza kuanza nayo. Wahindi pia walianza hapo. Tofauti ya Menkao na Manitu ni kwamba roketi ya Menkao ilipoanguka, waliokwenda kuokota vyuma na kuuliza kosa lilikuwa wapi walikuwa Wakongomani. Kosa lilibaki nyumbani, na kosa la roketi ni mali.

Kilichokosekana pale si akili. Ni meza ya kupimia injini ikiwa imefungwa chini, uiwashe mara hamsini kabla ya kuirusha mara moja. Ni kiwanda cha kukata chuma kwa kipimo kidogo kuliko unywele. Ni bajeti inayoingia kila mwaka hata roketi ikianguka. Serikali, kwa upande wake, mwaka 2012 ilitia saini na Wachina kwa satelaiti iliyokamilika, CongoSat. Mpaka leo tunaongea bila hiyo satelaiti.

Na chuma chenyewe?

Kuna jambo la mwisho linalogusa Shabunda moja kwa moja. Sehemu ya injini inayoteseka zaidi ni tundu la nyuma, pale gesi inapotokea. Chuma cha kawaida kingelainika kama nta. Kwa injini zinazowaka juu kabisa, wahandisi wanatumia mchanganyiko ambao karibu asilimia 89 yake ni niobi. Tundu la injini kubwa ya chombo cha Apollo lilikuwa na niobi. Tundu la injini ya ngazi ya juu ya Falcon 9, ile inayomalizia kazi ya kupeleka Starlink mahali pake, ni la niobi pia.

Niobi zamani iliitwa kolumbi. Ukichukua jina kolumbi na jina tantali ukayafupisha na kuyaunganisha, unapata neno ambalo kila mtoto wa Shabunda analijua: koltani.

Hatusemi kwamba gunia lililotoka huku liko ndani ya Falcon 9. Sehemu kubwa kabisa ya niobi ya dunia inatoka Brazil, katika machimbo makubwa ya Araxá. Ile yetu inatafutwa kwa ajili ya tantali, inayoingia ndani ya vifaa vidogo vya umeme vya simu, na vya satelaiti pia. Kwa hiyo mzigo ukifika kwenye kontuari, wanapima tantali iko asilimia ngapi, na bei inatoka hapo. Niobi iko ndani ya gunia lile lile, imebebwa mgongoni kutoka shimoni, imepanda ndeke kwa bei ile ile ya kilo. Kwenye karatasi ya malipo haina mstari wake.